Mikono Mikavu kwenye Mstari wa Njano

Kiwandani walimwita Bi Kavu, na hakuna jina alilowahi kupewa likamkaa vizuri kama hilo. Si kwamba alikuwa mkavu wa maneno. Maneno alikuwa nayo tele, na mengine ya akiba. Alikuwa mtunza ghala, na ghala lake lilikuwa na sheria moja iliyozaa nyingine zote: maji hayaingii. Chai haiingii, mwavuli hauingii, nywele zilizotoka kuoshwa haziingii, na mtu anayetokwa na jasho atakaa kwanza kwenye benchi la nje apigwe na upepo, mpaka afae kuingia.

Mlangoni alikuwa amechora mstari wa njano. Ukifika pale ulisimama, ukapiga hodi, ukanyoosha mikono mbele, viganja juu, kisha ukaigeuza. Bi Kavu aliikagua kama mama anavyomkagua mtoto kabla ya kula, ila yeye alitafuta kinyume: mtoto hutakiwa awe amenawa, wewe ulitakiwa uwe umekauka. Ukipita ulipewa barakoa na glovu. Ukishindwa ulirudishwa, hata uwe nani. Dereva wa lori alirudishwa. Mhasibu alirudishwa, tena mbele ya wageni wake. Mumewe mwenyewe, fundi wa mashine ya kuchanganyia, alirudishwa mara nyingi kiasi kwamba wenzake walimtania kuwa hata nyumbani hulala nje ya mstari.

Mtu mmoja tu hakuwahi kunyoosha mikono pale mlangoni, naye ni mama mkwe wake.

Na angeanzaje? Kiwanda kilikuwa cha huyo mama. Yeye na marehemu mumewe walikianzisha kwa kinu kimoja cha kusaga nafaka, kwenye jengo ambalo kabla yao lilikuwa la kuoka mikate, na ukuta wa nyuma ulikuwa bado mweusi kwa moshi wa tanuri. Sasa walitengeneza unga wa lishe, wa kukoroga na kunywa, kwa ajili ya watu wanaojikongoja kutoka kitandani baada ya maradhi. Hospitali zilikuwa zinaununua. Wafanyakazi walimwita huyo mama Bi Mkubwa, na alikuwa mkubwa kweli, si kwa umbo, maana alikuwa mwembamba kama mwiko, bali kwa namna watu walivyokaa wima akipita.

Ghala lilikuwa na funguo mbili. Mmoja ulining'inia kiunoni mwa Bi Kavu. Wa pili ulikuwa kiunoni mwa Bi Mkubwa, aliyefika kila asubuhi kabla ya mtu yeyote, akafungua, akafagia ghala mwenyewe. Bi Kavu alipata aibu sana mwanzoni. Mama mkwe anafagia, mkwe anakuja kukuta pasafi! Alijaribu kumzuia, akajibiwa, "Niachie ufagio wangu, mwanangu. Ndiyo mazoezi yangu hayo. Nikikaa bure viungo vitaota kutu." Basi akamwachia. Ungefanya nini?

Ule ufunguo wa kiunoni Bi Kavu aliupenda kuliko pete yake ya ndoa, na alimwambia mumewe hivyo waziwazi. Pete alipewa kwa kupendwa, na kupendwa ni bahati tu. Ufunguo aliupata kwa kazi. Alipoolewa na kuingia kiwandani, watu walimtazama kwa jicho la pembeni: huyo kaletwa na ndoa, hata gunia hajui kulibeba. Akalijifunza ghala mpaka akalijua kama mfuko wa nguo yake. Alitoa mapipa sakafuni akayapandisha juu ya chaga za mbao. Akayasogeza mbali na ukuta ili hewa ipite nyuma yake. Akahakikisha kilichoingia kwanza kinatoka kwanza. Akamsumbua mumewe mpaka ikanunuliwa mashine ya kukausha hewa, ikawekwa kwenye pembe, ikawa inanguruma usiku na mchana kama paka aliyeshiba. Baada ya hapo hakuna aliyesema tena habari za kuletwa na ndoa.

Kisha ikaja kolini.

Kolini ni kirutubisho, unga mweupe laini ambao huwekwa kidogo tu katika mchanganyiko. Hospitali kubwa kuliko zote walizohudumia ilikuwa imeagiza unga wenye kolini ndani yake, na Bi Mkubwa akakubali. Unga wa soya na wa maziwa walikuwa wameuzoea. Ni mvumilivu, ukiukosea leo unakusamehe. Kolini haikuwa na uvumilivu wowote. Ilikuwa na kiu isiyo na adabu. Ukiiacha wazi hunywa unyevu ulioko hewani, hewa ileile unayovuta wewe bila kuona kitu. Kwanza hushikana vibonge, halafu hulowa kama sukari iliyomwagikiwa chai, na mwisho hutoa harufu ya samaki. Si harufu ya kubahatisha. Ukifunika macho utadhani umefikishwa sokoni.

Pipa la kwanza liliharibika hivyohivyo. Bi Kavu alilifungua akakuta mabonge, akalifunga, akalipiga alama nyekundu na kulitenga, kisha akabadilisha mipira yote ya mifuniko. Bi Mkubwa aliitwa akaja, akanusa, akaurudisha mfuniko mwenyewe.

"Mkwe wangu," alisema, kwa upole ule unaokata kuliko kelele, "kitu hiki ni ghali, na wanaoisubiri ni wagonjwa. Ukilemewa sema. Likiharibika pipa lingine, ufunguo urudi kwangu, wewe nikutafutie kazi ya mezani."

Kazi ya mezani! Bi Kavu aliitikia "Ndiyo, Mama," kwa adabu zote, lakini moyoni alijibu kuwa kazi ya mezani atapewa mtu mwingine. Yeye hakulemewa. Kulikuwa na maji yanaingia mahali, na mahali hapo atapaona. Hakuwa na shaka hata chembe.

Hiyo ndiyo hali iliyokuwapo ile asubuhi alipovuka mstari wake mwenyewe, akavuta pumzi, na pua ikamwambia: samaki.

Alisimama palepale. Akavuta tena. Ilikuwa hafifu, ya kuja na kuondoka, lakini ilikuwepo.

"Afande!" aliita.

Afande alikuwa mlinzi wa mchana, mzee wa makamo aliyevaa sare iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikawa inakata, na udhaifu wake duniani ulikuwa mmoja tu: samaki wa kukaanga.

"Leo umekula nini?"

"Sijala bado, Bi Kavu. Kwani saa ngapi hii?"

"Na jana?"

"Jana…" Afande alijikuna shingo. "Jana nilikula. Lakini kule kibandani kwangu, na mifupa nilimpa paka. Muulize paka."

"Lete mikono."

Afande alinyoosha mikono juu ya mstari kwa huzuni kubwa, viganja juu, kisha akaigeuza. Bi Kavu akainama akanusa vidole vya mzee wa watu kimoja kimoja. Sabuni tupu. Wapakiaji waliokuwa wanapita na toroli walisimama kutazama, na mmoja akasema leo Afande anaposwa. Habari ikasambaa kiwanda kizima kabla chai haijachemka, na mpaka adhuhuri kila aliyekutana na Afande alikuwa anamuuliza mahari ni kiasi gani.

Bi Kavu hakucheka. Alivaa barakoa, akaenda kwenye pipa lililokuwa wazi kwa matumizi, karibu na meza ya mizani, akafungua pete ya mfuniko, akafungua mfuko wa ndani uliokazwa shingo kwa kamba, akaingiza kijiko kikavu polepole ili vumbi lisiruke. Unga ulikuwa bado mweupe na mwingi wake ulikuwa mzima, lakini juujuu ulikuwa umeanza kushikana vijibonge vidogo kama punje za mchele. Alikibonyeza kimoja. Hakikupasuka. Kiligandia glovu.

Pipa lilikuwa linaanza kuoza mkononi mwake, na lilikuwa la pili.

Alilitoa kwenye kazi papo hapo. Kisha akageuka akakitazama kipimo cha unyevu ukutani, kisaa kidogo chenye mshale. Mshale ulikuwa umepanda. Hilo lilikuwa jambo la kila siku: asubuhi umepanda, ikifika adhuhuri umeshuka. Na kwa kuwa ulikuwa msimu wa ukame, vumbi tupu barabarani, midomo ya watu imepasuka, Bi Kavu alikuwa ameshajiaminisha kuwa kipimo kimezeeka. Mumewe aliwahi kukigonga kwa kidole akasema, "Kinataka kustaafu." Wakacheka, wakaendelea na kazi.

Sasa hakucheka. Alisimama mbele ya kile kisaa akajiambia: kipimo hakina sababu ya kunidanganya asubuhi na kuniambia kweli mchana. Kama kinasema asubuhi kuna maji, basi asubuhi kuna maji. Swali ni nani anayeyaleta.

Na jibu alikuwa nalo kabla hajamaliza kuuliza, ila hakulitaka.

Kesho yake alitoka nyumbani mapema, akamwambia mumewe atangulie kula. Mlango wa ghala ulikuwa umeegeshwa. Ndani palikuwa na sauti ya mtu anayeimba kwa pua, na mngurumo wa mashine ya kukausha hewa haukusikika. Bi Kavu alisimama nje ya mstari wake akachungulia.

Bi Mkubwa alikuwa ameifunga nguo yake kiunoni na kupandisha mikono ya gauni. Mkono wa kushoto alishika kopo la bati lenye maji. Mkono wa kulia alichovya, akanyunyiza sakafuni, akachovya, akanyunyiza, kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote: matone madogo, yaliyoenea sawasawa, yasiyofanya tope. Alinyunyiza kuzunguka meza ya mizani. Alinyunyiza chini ya chaga. Kisha akaweka kopo juu ya mfuniko wa pipa, akachukua ufagio, akafagia pole pole, na vumbi halikuinuka hata kidogo.

Nani asiyejua kufagia hivyo? Ndivyo kila mama alivyomfundisha kila binti. Unyunyize kwanza, ndipo ufagie. Bi Kavu mwenyewe alifanya hivyohivyo uani kwake, na angemcheka msichana anayefagia pakavu na kuwatimulia watu vumbi. Ukutani mshale ulikuwa unapanda. Matone yalikuwa yanakauka sakafuni mbele ya macho yake, na yakikauka yalikuwa hayaendi mbali, yalikuwa yanapanda hewani. Halafu yeye, mtunza ghala hodari, huja kila siku saa hiyohiyo, anafungua pipa kupima unga wa siku, hewa ikiwa imeshiba maji. Waliharibu pamoja. Mmoja alinyunyiza, wa pili alifunua.

Alirudi nyuma kimya kimya akaenda kumtafuta mumewe.

Fundi alikuwa ameingia tumboni mwa mashine ya kuchanganyia, miguu tu ikionekana. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutoka.

"Mimi simo," miguu ilisema.

"Ni mama yako."

"Ndiyo maana simo. Mke wangu, nisikilize. Mwambie pipa lilikuja bovu. Walioleta watanuna, halafu watasahau. Mama atabaki na heshima yake na wewe utabaki na ufunguo wako. Hilo la pili tulichekeche, vibonge tuvitupe, unga mzuri tuutumie."

"Uliokwisha kunywa maji hauchekechwi. Utakuwa unampa mgonjwa nini? Na pipa la tatu tumsingizie nani?"

Miguu ilifikiri. "Basi umwambie kwa kuzunguka."

"Nizunguke mpaka wapi?"

Fundi alijivuta nje, uso mzima grisi, akamtazama. Alikuwa mume mzuri, ila mbele ya mama yake alikuwa bado ana miaka saba. "Akiutaka ufunguo hapohapo?"

Hilo ndilo Bi Kavu alilokuwa analiogopa tangu asubuhi. Mkwe hamwambii mama mkwe kuwa hajui kufagia. Watu huachika kwa maneno madogo kuliko hayo. Lakini alikuwa amechora ule mstari kwa mkono wake, na amemrudisha mhasibu mbele ya wageni, na amenusa vidole vya Afande kimoja kimoja. Kama mstari ni wa wanyonge tu, basi ni rangi iliyomwagika.

"Akiutaka nitampa," alisema. "Lakini nitakuwa nimemwambia. Niazime ile mashine yako ya kuvuta vumbi."

Asubuhi iliyofuata alifika pamoja na Bi Mkubwa. Alimpokea mfuko, akamwamkia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Leo umeota nini, mbona umeamka na jogoo?"

"Nimekuja tufagie wote."

Bi Mkubwa alifurahi, na furaha yake ilimchoma Bi Kavu kuliko hasira ambavyo ingemchoma. Waliingia. Bi Kavu alikwenda kwenye pipa ambalo halijawahi kufunguliwa, akachota kolini kidogo, nusu akaitia kwenye chupa ya kioo akakaza kifuniko, nusu akaitandaza kwenye sahani ndogo, akaziweka mezani kando kwa kando, akalifunga pipa vizuri. Kisha akasubiri. Bi Mkubwa akazima mashine ya kukausha hewa, "Maana inanipigia kelele, nitaiwasha watu wakija," akachovya, akanyunyiza. Wakafagia. Wakatoka wakakaa kwenye benchi wakanywa chai, wakazungumza habari za watu, na Bi Kavu hakumbuki hata moja.

Jua lilipoanza kuingia dirishani alisema, "Mama, njoo uone kitu."

Kwenye chupa unga ulikuwa mkavu. Aliitikisa, ukateleza huku na huku kama mchanga. Kwenye sahani ulikuwa umeng'aa juu. Bi Kavu aliinamisha sahani. Unga haukuteleza. Uligandia palepale, na Bi Mkubwa alipousogeza puani, alirudisha kichwa nyuma.

"Samaki," alisema.

"Ni unga mmoja, Mama. Pipa moja, asubuhi moja. Huu ulifungiwa, huu ulikaa na hewa." Bi Kavu alivuta pumzi. Akapiga moyo konde. "Hewa yenye maji ya kopo. Tazama mshale ulipofika. Pipa la kwanza liliharibika hivi, na la pili ndilo lile kule lenye alama nyekundu. Wewe unanyunyiza, mimi nakuja kufungua hapohapo. Kipimo kilikuwa kinaniambia kila siku, mimi nikasema kimezeeka. Sehemu yangu naibeba. Lakini maji yakiendelea kuingia humu, hakuna pipa litakalopona."

Alikuwa amemaliza. Yalikuwa yametoka yote, bila kuzunguka.

Bi Mkubwa aliiweka sahani mezani. Alitazama kopo, akatazama ufagio, kisha akatazama dirisha.

"Unajua kwa nini ninanyunyiza?"

"Ili vumbi lisiruke."

"Baba mkwe wako hukumkuta. Alikuwa anasaga hapa, hapa uliposimama wewe. Tulikuwa hatujui barakoa wala nini. Jioni anarudi nyusi nyeupe, kope nyeupe, watoto wanamcheka, naye anacheka nao. Kisha kikohozi. Mwaka baada ya mwaka, kikohozi. Daktari akasema, mama, huyu kifua chake kimejaa vumbi la kazi." Sauti yake haikutetemeka, ila ilishuka. "Tangu hapo nikasema humu ndani hakuna mtoto wa mtu atakayevuta vumbi tena, mradi nina mkono wa kunyunyiza. Nakuja kabla yenu ili mkifika mkute hewa safi. Nakuja kwa ajili yako wewe. Wewe ndiye unayeshinda humu."

Bi Kavu machozi yalimjaa. Miaka yote hiyo alidhani mama mkwe anakagua ghala. Kumbe alikuwa anamlinda kifua chake, kila asubuhi, kwa kopo la bati, na hakuwahi kusema.

"Mama," alisema. "Mama, asante. Sikujua." Kisha, maana yeye ni yeye hata akilia, akafuta machozi kwa mkono wa gauni haraka yasidondoke mezani, akasema, "Basi vumbi tulishike. Lakini tulishike bila maji. Nipe nafasi ndogo tu."

Alimpa Bi Mkubwa barakoa, naye akavaa yake. Aliwasha tena mashine ya kukausha hewa. Akachukua ufagio, akafagia pakavu kona moja ambayo haikunyunyizwa, kwa makusudi. Katika ule mwanga wa dirishani vumbi liliinuka likajaa, likacheza pale juu, jeupe, na Bi Mkubwa akashika meza kama mtu aliyemwona aliyekwisha kuzikwa. Bi Kavu akaacha ufagio mara moja. Akasubiri vumbi litue. Akaivuta mashine ya kuvuta vumbi, ile ambayo Bi Mkubwa aliiita ufagio wa wavivu siku iliponunuliwa, akaiwasha, akaipitisha kona ileile, chini ya chaga, kuzunguka miguu ya meza.

"Tazama dirishani," alipaza sauti juu ya kelele. "Usinitazame mimi. Tazama mwanga."

Bi Mkubwa akatazama. Mwanga uliingia, ukashuka, ukagusa sakafu. Ndani yake hapakuwa na kitu cha kutazama. Hapa na pale chembe moja ilipita ikaenda zake.

"Ina chujio ndani, inabaki na vumbi lote," alisema Bi Kavu alipoizima. "Na mimi nikichota sirushi, nachota chini chini, na barakoa sivui. Sitakohoa, Mama. Nakuahidi."

Bi Mkubwa akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo wako."

Bi Kavu hakubisha. Aliufungua kiunoni, vidole vikimgomea kidogo, akauweka kwenye kile kiganja chembamba. Bi Mkubwa akachukua kopo lake, akamwaga maji yaliyobaki nje kwenye mchanga, akaondoka bila kugeuka.

Siku hiyo Bi Kavu alifanya kazi ghala likiwa wazi na kiuno chake kikiwa chepesi, na ule wepesi ulikuwa mzito. Alipima kolini mshale uliposhuka, si kabla. Mizani ilikubali, mashine ilichanganya, mifuko ya hospitali ikafungwa ikapangwa. Jioni Afande ndiye aliyetumwa kuja kufunga mlango, kwa ufunguo aliopewa, na hakutania. Fundi aliuliza kwa macho. Mkewe akatikisa kichwa. Nyumbani hakula vizuri. Lakini mumewe alipomuuliza kama angeweza kurudisha maneno yake angeyarudisha, alijibu hapana, hata moja, na alimaanisha.

Asubuhi alifika saa zake za kawaida. Mlango wa ghala ulikuwa umefungwa. Mbele yake, nje ya mstari wa njano, Bi Mkubwa alikuwa amesimama amevaa barakoa, imekaa upande kidogo, na nyuma yake Afande amekaza mwili kama yuko gwaride. Wapakiaji walikuwa wameacha toroli zao.

"Umechelewa," alisema Bi Mkubwa. "Mwenye ghala anachelewa hivi?"

Akatoa pete ya chuma. Funguo zilikuwa mbili ndani yake, ule wa Bi Kavu, na ule wa zamani uliokuwa umelainika kwa kukaa kiunoni miaka na miaka. Akampa zote mbili.

Bi Kavu alizishika. Alitaka kusema neno, maneno aliyokuwa nayo tele yakamkimbia yote, na ya akiba pia. Akafungua mlango kwa ule ufunguo wa zamani. Akaingia, akatazama kipimo: mshale ulikuwa chini kabisa, mahali ambapo hajawahi kuuona saa kama hiyo. Pua haikumwambia kitu. Akageuka.

"Hodi," alisema Bi Mkubwa kutoka kwenye mstari.

Alikuwa amenyoosha mikono mbele, viganja juu, ile mikono myembamba yenye mishipa, mbele ya wafanyakazi wake wote. Bi Kavu alisogea. Angeweza kusema karibu, Mama, pita tu, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu.

"Geuza, Mama," alisema.

Bi Mkubwa akaigeuza. Bi Kavu akaishika mikono hiyo, akaitazama kwa makini kama anavyotazama ya kila mtu, akapitisha kidole katikati ya vidole.

"Hapa pana maji."

"Nilinawa uso," alisema Bi Mkubwa. "Sasa hivi tu. Tone moja."

"Tone moja ni maji, Mama. Kakauke kwanza, ndipo uje."

Afande alifumba macho. Bi Mkubwa alimtazama mkwe wake, na pembeni mwa barakoa mashavu yake yakaanza kupanda. Akaenda kukaa kwenye benchi, mahali pa dereva na mhasibu na mwanawe, akainua mikono yote miwili hewani ikapigwa na upepo, akasubiri zamu yake.